Kabla ya Kuchimba Kisima, Tuangalie Malisho



Kutoka sharika za wafugaji, ombi linalotufikia mara nyingi ni kisima kirefu chenye mbauti za kunyweshea mifugo. Wahisani nao huupenda mradi huo kwa sababu unaonekana kwa macho. Ombi ni la haki. Hata hivyo, kabla ya kulipokea tunaiuliza kamati ya usharika swali moja: nyasi za kijiji chenu zinapumzika wapi, na lini? Makala hii inaeleza sababu ya swali hilo.

Maji bila nyasi

Katika ukame wa 2008/2009, wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro walipoteza mifugo mingi sana. Ukame mkali ulirudi mwaka 2021 na 2022, na Simanjiro pia iliumia. Ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 1,000 wakikusanyika penye kisima, wanahitaji tani 6 kila siku, na kisima hakioteshi nyasi.

Zaidi ya hayo, maeneo yasiyo na maji ya kudumu hulishwa wakati wa mvua. Madimbwi yakikauka, mifugo huondoka na ardhi inapumzika. Kisima kikichimbwa hapo bila mpango, mifugo hubaki mwaka mzima.

Kwa nini nyasi zipumzike

Nyasi zikiliwa huchipua tena kwa kutumia akiba iliyo kwenye mizizi. Zikiliwa tena na tena mwanzoni mwa mvua, mizizi hudhoofika na mbegu hazikomai. Ardhi hubaki wazi na kuwa ngumu, maji ya mvua hutiririka badala ya kuzama, na magugu yasiyoliwa huchukua nafasi. Sasa mvua zinapozidi kuwa za kubahatisha, ardhi ya namna hiyo haifaidiki hata na mvua kidogo inayonyesha.

Wazee walilijua jambo hili. Wamasai hufunga alalili wakati wa mvua ili ndama na wanyama dhaifu wapate malisho kiangazi. Wasukuma wana ngitili. Mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofanya kazi kati ya 1986 na 2004, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirudishwa. Wananchi walipata malisho, kuni, miti ya kujengea na dawa.

Mambo tunayoomba yatangulie

1. Kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaotenga malisho ya masika, malisho ya kiangazi na njia za mifugo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake.

2. Mkutano mkuu wa kijiji upitishe sheria ndogo: tarehe ya kufunga na kufungua malisho, faini, na utaratibu wa kuwapokea wageni wakati wa ukame. Sheria ndogo hizo zipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

3. Kamati ya malisho iwe na wazee, vijana wachungaji na akina mama, ambao ndio wanaotunza ndama na wagonjwa nyumbani.

4. Mahali pa kisima pachaguliwe baada ya ramani kukubaliwa, na vijiji jirani washirikishwe.

Kwa wahisani wetu

Tunafahamu kwamba bajeti yenye posho za mikutano, mafuta ya gari na kazi ya wapima ardhi haivutii kama picha ya maji yakibubujika. Tunawaomba muikubali. Mipaka isipokubaliwa, kisima huweza kuwa chanzo cha ugomvi, kama wachungaji wa Abramu na wa Lutu walivyogombana katika Mwanzo 13 kwa sababu nchi haikuwatosha.

Kwa kamati za sharika, tunashauri jambo hili lizungumzwe kabla ya masika, wakati malisho yanaweza bado kufungwa. Walawi 25 inatufundisha kwamba hata ardhi imewekewa na Mungu wakati wake wa kupumzika. Tuutunze wakati huo, na maji yatakapopatikana yakute mifugo ina chakula.