Nasaba ya Mstari Mmoja

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia simu akiwa na karatasi mbili mkononi. Zote mbili ni ankara ya mteja yuleyule, ya Agosti 2020, bidhaa za shilingi 10,000. Ile ya zamani, iliyochapwa siku ya mauzo, ilionyesha VAT ya shilingi 1,400. Ile aliyoichapa upya asubuhi hiyo kwa ajili ya mhasibu wake ilionyesha 1,600. "Mwanangu," akaniuliza, "hivi kompyuta nayo huzeeka ikasahau?"

"Haisahau, mama. Nipe dakika kumi."

Programu ya duka lile niliiandika mimi, na huihifadhi ndani ya Git. Kila badiliko nililowahi kuikabidhi Git limo humo, na tarehe yake na sababu yake, ikiwa tu nilijipa taabu ya kuiandika sababu. Kilichobaki ni kujua kuuliza. Nimegundua kwamba hapo ndipo wengi tunapokwama: tunaifahamu amri ya `git log`, tunaiandika, orodha ndefu inamwagika kwenye kioo, tunaitazama kama anayetazama magari yakipita barabarani, kisha tunaifunga. (Na kuifunga kwenyewe kuna siri yake. Orodha ikiwa ndefu, Git huikabidhi kwa programu nyingine ya kusomea, na mgeni hubonyeza kila kitufe asione njia ya kutoka. Bonyeza `q`.)

Kila unapokabidhi badiliko, Git hutengeneza kumbukumbu moja. Mafundi huiita komiti, nami nitaiita hivyohivyo. Isichanganywe na kamati, ingawa baadhi ya komiti nilizosoma zina maneno mengi na uamuzi haba kama kamati yoyote. Ndani ya komiti mna jina la aliyeandika badiliko, tarehe, ujumbe, hali ya mafaili yote kama yalivyokuwa wakati huo, na kitambulisho cha komiti iliyoitangulia, yaani mzazi wake. Komiti yenyewe nayo ina kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 40, kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kwa matumizi ya kila siku zile chache za mwanzo hutosha.

Sasa tazama jambo hili, maana ndilo ufunguo wa mengine yote: komiti humjua mzazi wake, wala haiwajui wanawe. Kwa hiyo `git log` si shajara ya mradi inayosomwa kuanzia siku ya kwanza. Ni nasaba. Inaanzia hapo uliposimama, inakwenda kwa mzazi, kwa babu, hadi kwa yule asiye na mzazi. Komiti iliyo kwenye tawi lingine, ambayo si jadi yako, haitatajwa. Kijana akilalamika kwamba kazi ya mwenzake imepotea, mara nyingi haijapotea kamwe. Amesimama tawi jingine. `git log --all --graph --oneline` itamchorea ukoo mzima, matawi yote, kila komiti kwa mstari mmoja.

Turudi kwa ankara. Sikutaka ukoo mzima. Nilikuwa na swali moja: ile asilimia 14 ilikwenda wapi? Nikaandika:

`git log -S'0.14' --oneline -- kodi.py`

Alama ya `-S` huiambia Git: nionyeshe tu komiti ambazo idadi ya maneno haya ilibadilika, yaani yalipoingizwa au yalipoondolewa. Vistari viwili, `--`, kabla ya jina la faili huzuia Git isilidhanie jina hilo kuwa ni tawi. Jibu likaja:

`9c41e07 Rudisha VAT 16`
`3be2d58 VAT imeshuka hadi 14`

Komiti mbili kati ya mamia. Wakenya watakumbuka: tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Nikaifungua ile ya juu kwa `git show 9c41e07`. Mstari wa kutoa ulikuwa na `KIWANGO = 0.14`, mstari wa kujumlisha ulikuwa na `KIWANGO = 0.16`. Jina juu yake lilikuwa langu. Badala ya kuiandikia programu kwamba kila kipindi kina kiwango chake, nilifuta namba moja nikaweka nyingine, na tangu siku hiyo kila ankara ya 2020 iliyochapwa upya ikawa inatozwa kodi ya 2021. Nilitengeneza jedwali la viwango na tarehe zake, nikamwomba mama radhi.

Msomaji makini atauliza: je, kama namba ile ningeihamisha tu kutoka juu ya faili hadi chini? `-S` isingeitaja komiti hiyo, kwa sababu idadi haikubadilika. Hapo hutumika `-G`, ambayo hutazama kila mstari ulioguswa, uwe umehamishwa au umerekebishwa. Na faili likiwa limebadilishwa jina, nasaba yake huishia kwenye jina jipya mpaka uongeze `--follow`. Git haiandiki popote kwamba faili limebadilishwa jina. Hulinganisha faili lililotoweka na lililotokea, yakifanana vya kutosha ikahukumu kuwa ni lilelile. Mara nyingi hupatia.

Tarehe nazo zina mtego. Kila komiti ina mbili: ya siku badiliko lilipoandikwa, na ya siku komiti yenyewe ilipoundwa. Kwa kawaida zinalingana. Lakini mtu akitumia `git rebase` kuzihamisha kazi zake juu ya msingi mpya, Git huunda komiti mpya zenye vitambulisho vipya, ikaacha tarehe ya kuandikwa kama ilivyokuwa. Orodha ya kawaida hukuonyesha tarehe ya kuandikwa. Lakini `--since` huchuja kwa tarehe ya kuundwa. Ndiyo maana unaweza kuomba mabadiliko ya wiki iliyopita ukaletewa yenye tarehe za miezi mitatu nyuma. `git log --format=fuller` huonyesha tarehe zote mbili, na majina yote mawili: la aliyeandika badiliko na la aliyeunda komiti.

Imebaki amri ambayo jina lake silipendi: `git blame`, lawama. Inachukua faili na kuandika pembeni ya kila mstari jina la aliyeugusa mwisho. Aliyeugusa mwisho, nasisitiza, si lazima awe aliyeutunga. Aliyepanga tu nafasi za mistari huonekana mwenye mali, hadi utumie `-w` ili nafasi zisihesabiwe. Faida yake ni kwamba inakupa kitambulisho cha komiti, nawe unakwenda kwenye `git show` kusoma ujumbe. Ukikuta ujumbe unaosema "rekebisha" na basi, umegonga mwamba. Nimegonga mingi, na mingine niliiweka mwenyewe.

Mfano mkubwa wa nasaba iliyokatika ni Linux yenyewe. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, lakini Git aliitengeneza Aprili 2005, baada ya mradi wake kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu iliyokuwa ikitunza historia yake. Tarehe 16 ya mwezi huo aliingiza toleo la 2.6.12-rc2 ndani ya Git bila kubeba historia iliyotangulia. Hadi leo, mstari wa zamani ambao haujaguswa tangu hapo, ukiuulizia kwa `git blame`, utaonyesha komiti inayoanza na `1da177e4c3f4` na jina la Torvalds, hata kama uliandikwa na mtu mwingine miaka kumi kabla. Mbele ya kitambulisho hicho huwekwa alama ya `^`. Maana yake: mpaka ni hapa.

Huku kwetu alama hiyo ina sababu nyingine, bando. Uzuri wa Git ni kwamba ukinakili hazina nzima, historia yote iko kwenye mashine yako. Unaweza kuisoma ndani ya basi la usiku bila intaneti, jambo lisilowezekana kwa Subversion, ambayo kila `svn log` huenda kuuliza seva. Lakini kunakili yote hula bando, kwa hiyo wengi hutumia `git clone --depth 1`, wakapata komiti ya mwisho peke yake. `git log` itaonyesha komiti moja. `git blame` itamtwika mtu mmoja kila mstari wa mradi. Nimewahi kushuhudia ubishi wa nusu saa kuhusu kijana "aliyeandika" makosa yote ya programu, ilhali alichofanya ni kusahihisha herufi moja kwenye maelezo siku moja kabla hazina haijanakiliwa.

Kwa hiyo kabla hujamtaja mtu kwenye kikao, andika `git rev-parse --is-shallow-repository`. Ikijibu `true`, tafuta mahali penye Wi-Fi, andika `git fetch --unshallow`, kisha uulize upya.