Hofu ya kujulikana yawaweka wanafunzi mbali na tiba Marekani

MWANAFUNZI wa chuo kikuu nchini Marekani mwenye umri wa miaka 19 anaweza kwenda kupima Virusi vya Ukimwi (VVU) leo, na wiki chache baadaye wazazi wake wakapokea barua inayoonyesha kuwa alipata huduma, wapi na kwa gharama gani. Barua hiyo haitoki chuoni wala hospitalini. Inatoka katika kampuni ya bima ya afya.

Utaratibu huo ni halali. Sheria ya afya ya mwaka 2010, maarufu kwa jina la Obamacare, inamruhusu kijana kubaki katika bima ya mzazi hadi atimize miaka 26, na mwenye bima ndiye anayetumiwa mchanganuo wa matumizi. Kwa familia nyingi hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kwa mwanafunzi mwenye mapenzi ya jinsia moja ambaye nyumbani hawajui, bahasha moja yaweza kufichua alichokificha kwa miaka. Wapo wanaoamua kutopima, kutoomba dawa za kujikinga na VVU zilizoidhinishwa nchini humo mwaka 2012, au kutomwona mtaalamu wa afya ya akili. Jimbo la California lilianza mwaka 2015 kumruhusu mgonjwa kuomba barua za huduma za aina hiyo zitumwe kwake mwenyewe, lakini ulinzi huo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo.

Nyuma ya hofu hiyo kuna suala la fedha. Katika mpango wa serikali kuu wa misaada ya masomo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye chini ya miaka 24 kwa kawaida huhesabiwa kuwa tegemezi, na fomu yake hudai taarifa za kipato cha wazazi. Mzazi akikataa kumlipia, kukataa huko peke yake hakumfanyi ahesabiwe kuwa anajitegemea. Humlazimu kukithibitishia chuo kwamba uhusiano na wazazi umevunjika kwa sababu nzito. Hivyo, kujulikana kunaweza kumgharimu mtu ada, chakula na mahali pa kulala kwa mpigo mmoja.

Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi mwaka 1973. Swali lililobaki ni kwa nini basi sonona na mawazo ya kujiua huonekana zaidi katika kundi hilo. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alieleza kuwa chanzo ni msongo unaowapata walio wachache katika jamii: kubaguliwa, kutarajia kubaguliwa, kujificha, na hatimaye kuanza kujidharau. Msongo huo hujiongeza juu ya ule wa kawaida wa mitihani na madeni.

Shirika la Trevor Project, linalohudumia vijana hao, liliripoti mwaka 2022 kuwa asilimia 33 ya waliohojiwa wakiwa vyuoni walifikiria kwa dhati kujiua katika mwaka uliotangulia, na asilimia 7 walijaribu. Waliosema vyuo vyao vina huduma mahsusi kwa ajili yao walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujaribu, ingawa takwimu za aina hiyo haziwezi peke yake kuthibitisha kuwa huduma ndiyo sababu.

Aliyewahi kuishi bwenini anajua jinsi chumba cha watu wawili kisivyo na siri. Septemba 2010, Tyler Clementi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye miaka 18 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, alijitoa uhai siku chache baada ya mwenzake wa chumbani kumchungulia kwa kamera ya kompyuta akiwa na mwanamume. Mwaka uliofuata chuo hicho kilitangaza mabweni ambamo wanafunzi wangeweza kuchagua wa kuishi naye bila kujali jinsia.

Mkondo umegeuka katika baadhi ya majimbo. Sheria ya Texas iliyoanza kutumika Januari 2024, na nyingine ya Utah ya mwaka huo huo, zimevifanya vyuo vya umma kufunga ofisi zilizohudumia makundi mahsusi, zikiwamo za wanafunzi hawa. Waliozitunga wanasema fedha za umma zisimgawe mwanafunzi kwa utambulisho wake, na kwamba ushauri nasaha uko wazi kwa wote. Ni kweli uko wazi. Tatizo ni kuwa anayeogopa kujulikana ndiye wa mwisho kubisha mlango asiomjua aliye nyuma yake.

Julai 17, 2025, serikali kuu nayo ilifunga kitengo maalumu cha vijana hao katika namba ya dharura ya 988, kilichokuwa kimepokea zaidi ya mawasiliano milioni moja tangu mwaka 2022. Namba yenyewe ingali inapokea simu, saa 24, na anayepiga halazimiki kutaja jina.