Ngome na Neno: Mombasa ya Wareno na Kiswahili cha Uvira

Mkazi wa Mulongwe, mtaa wa mji wa Uvira, hahitaji kusafiri mbali ili aone ufuo: Ziwa Tanganyika li mbele yake na milima i nyuma yake. Hata hivyo, akijaliwa likizo na nauli ya kufika Mombasa, atavutiwa na mambo mawili: fukwe za Nyali na Diani, na sifa ya mji wa kale wa Wareno. Kuhusu fukwe hakuna ubishi. Kuhusu Wareno pana haja ya ufafanuzi, kwani mgeni atafutaye mji wa Kireno hatauona. Atakachokiona ni ngome moja ya Kireno katika mji wa Waswahili. Urithi mwingine wa Wareno, ulioenea kuliko ngome hiyo, ameuacha nyumbani Uvira, kinywani mwa watu.

Mombasa ulikuwa mji kabla ya Wareno. Ibn Battuta alipita huko mwaka 1331 akakuta Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, na mwaka 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliuteka mji, likaupora na kuuchoma. Ujenzi wa ngome iitwayo Fort Jesus ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Wenyeji hawakuikubali kwa utulivu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliirudia dini ya Uislamu na kuiteka ngome, ingawa mwaka uliofuata aliihama. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaitwaa. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka 1729. Ama nyumba za Mji wa Kale anazozipiga picha mgeni, nyingi ni za karne ya 19 na baadaye, nazo ni kazi ya Waswahili, Waarabu na Wahindi.

Iwapo majengo ya Wareno ni machache, maneno yao yamesalia, na mojawapo linastahili kuzingatiwa: gereza. Asili yake ni neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa. Kiswahili kiliiacha irabu ya mwanzo, kikatia irabu kati ya konsonanti mbili zilizofuatana, na kikaibadili sauti ya mwisho ili ilingane na matamshi yake. Mabadiliko ya maana ni makubwa zaidi. Mjini Zanzibar, Waomani walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ngome hiyo ikatumiwa kufungia watu. Huko Kilwa Kisiwani ngome ya kale huitwa Gereza hadi leo. Kanisa likawa ngome, na ngome ikawa kifungo. Mombasa nako, Waingereza waliifanya Fort Jesus kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mgeni akitembea uani asisahau kwamba kwa zaidi ya nusu karne waliolala humo hawakuwa watalii.

Maneno mengine ya Kireno yalizoea nyumba yake mpya kwa amani: meza, bendera, leso, karata, kasha, mvinyo. Kila moja lilipewa ngeli yake. Kasha likazaa makasha, na *vinho* ikavishwa kiambishi ikawa mvinyo. Katika karne ya 19 Kiswahili kilisafiri na misafara kupitia Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa. Hivyo meza na bendera zilifika Uvira bila Mreno yeyote kuzileta.

Lakini Uvira si mwisho wa njia moja tu. Kilingala, kilichoenezwa nchini Kongo na jeshi pamoja na muziki, nacho kina *mesa* kwa maana ileile, na *sapato* kwa maana ya kiatu. Maneno hayo yalitokea pwani ya Atlantiki, ambako Wareno walikutana na ufalme wa Kongo tangu mwaka 1483. Mtu wa Mulongwe asikiaye lugha zote mbili sokoni anasikia neno moja lililolizunguka bara kwa merikebu, kisha likaingia ndani kutoka bahari mbili. Hata muhogo anaousongea ugali asili yake ni Amerika, nao uliletwa Afrika na merikebu za Wareno.

Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Anayeupima urithi kwa mawe pekee atasema Wareno walijenga na Waswahili walitazama. Anayeyachunguza maneno ataona kwamba waliotazama walichagua, wakageuza, na wakahukumu: walichokihitaji wakakiweka mezani, na nyumba ya ibada ya mtekaji wakaiita kwa jina ambalo leo ni la kifungo. Mgeni wa pwani na aogelee, kisha aingie ngomeni. Akitoka, asikilize mjini watu wanavyozungumza.