Herufi kwenye mpini wa gofu ni kauli ya muuzaji, si kipimo

Ukiingia duka la gofu, liwe la Nairobi au London, muuzaji atakutazama mabega kisha akuulize: unatumia R au S? Herufi hizo huchapwa kwenye mpini, ule mwili mrefu unaounganisha mshikio na kichwa cha fimbo. L imekusudiwa wanawake, A wazee, R mchezaji wa kawaida, S mwenye nguvu, X mwenye nguvu za ziada. Mteja hujibu kwa kujiamini, maana wanaume wachache hukubali kuambiwa kuwa A ndiyo saizi yao. Analipa, anaondoka.

Kasoro ni kwamba hakuna kiwango cha pamoja kinachozibana kampuni kuhusu maana ya herufi hizo. Kila moja inajipangia. R ya kampuni hii yaweza kuwa ngumu kuliko S ya kampuni ile, na baadhi ya Wajapani wameingiza SR katikati. Hata tarakimu hupotosha. Mpini maarufu wa chuma wa Dynamic Gold huuzwa kama S300 na S400, na wengi huamini kwamba 400 ni mgumu zaidi. Tofauti hasa ni ya uzito. Wasimamizi wa sheria za gofu, R&A na USGA, wanadai mpini upinde kwa kiasi kile kile hata ukizungushwa upande gani. Upinde kiasi gani, na uandikwe herufi gani, hilo hawaliingilii.

Zamani jambo hili lilimalizwa kwa mkono. Mipini ilikuwa ya mti wa hikori kutoka Marekani, na fundi wa St Andrews aliichagua mmoja mmoja, akiukunja na kuusikiliza kwa viganja, kisha akiuparura mpaka aridhike. Chuma kilipokubaliwa, Marekani katika miaka ya 1920 na kwa R&A mwaka 1929, kiwanda kiliweza kutoa maelfu ya mipini inayofanana. Mchezaji akaanza kusoma lebo.

Dawa ya lebo ni kupima, na kipimo chenyewe hakina uchawi. Fundi hubana sehemu ya juu ya mpini kwenye kibanio kilichofungwa juu ya meza nzito. Wengi hubana inchi tano. Kwenye ncha hufunga kizito cha gramu 205, karibu sawa na kichwa cha draiva, fimbo ya mapigo marefu. Huvuta ncha chini kidogo, akaiachia. Mpini hutikisika juu na chini, ukikata mwanga wa kihisi kila unapopita, na baada ya sekunde chache kioo huonyesha idadi ya mitetemo kwa dakika. Draiva ya R aghalabu huangukia jirani ya 250, ya S jirani ya 260. Ncha ikianza kuchora duara badala ya kwenda juu na chini, fundi makini huitupa namba hiyo na kuanza upya.

Usizidharau tofauti ndogo hapo. Ugumu hukua kwa mraba wa mitetemo, kwa hiyo kutoka 250 hadi 260 si ongezeko la asilimia nne bali takriban nane.

Lakini namba hizo hulinganishwa tu zikitoka kwenye meza moja. Kata inchi moja ya mpini, mitetemo inaongezeka. Ongeza uzito wa kichwa, inapungua. Badilisha urefu wa sehemu iliyobanwa, namba inabadilika tena. Kwa hiyo 255 iliyotangazwa na kampuni moja na 255 ya mshindani wake huenda hazina undugu wowote. Hapo ndipo ninapomthamini mpimaji asiye na mpini wa kuuza: anapitisha mipini ya kampuni zote kwenye kibanio kimoja, kwa kizito kimoja, bila kujali nani atachukia.

Hata yeye hapaswi kuishia kwenye namba moja. Mpini ukibanwa juu, mitetemo husema zaidi habari za nusu ya juu kuliko za ncha. Mbunifu wa Marekani Tom Wishon alipima mipini kwa kubadilisha urefu ulio huru hadi mara saba, toka juu hadi karibu na ncha, ili kuona inapolegea. Wahandisi wengine huulaza mpini juu ya nguzo mbili, wakaukandamiza katikati, wakausogeza kidogo, wakaukandamiza tena, mpaka wapate mchoro wa ugumu wake wote. Mipini miwili yenye 250 ile ile yaweza kutoa michoro miwili tofauti kabisa: mmoja laini juu na mgumu nchani, mwingine kinyume chake.

Ncha ina maana kwa mpira. Wengi hudhani mpini hufika kwenye mpira ukiwa umepinda nyuma kama mjeledi. Kwa wachezaji walio wengi unakuwa umepinda mbele, kwa sababu kitovu cha uzito wa kichwa cha draiva kiko nyuma ya mstari wa mpini, na nguvu za mzunguko hukivuta kijipange na mikono. Uso wa fimbo hulala zaidi, na mpira hupaa juu zaidi. Ncha laini huongeza hali hiyo. Tusitarajie miujiza, hata hivyo: ugumu wa mpini hautibu pigo bovu.

Anayenufaika zaidi na kupima ni mnunuzi wa fimbo zilizotumika, ambaye mara nyingi hukuta lebo imebanduka na mpini umeshakatwa na mmiliki wa kwanza. Kwake herufi haina kazi tena. Nenda na draiva unayoipiga vizuri, omba ipimwe pamoja na ile unayotaka kununua, kwenye kibanio kimoja, na uandike urefu na uzito wa kila moja. Fundi akikujibu kwamba S ni S tu, mshukuru na utafute mwingine.