Intaneti Shuleni: Nani Hulipa?
Shule iliyo mbali na mji, iwe Mbeere au Igembe, huhitaji intaneti kwa masomo na hata kusajili watahiniwa wa KCSE. Fedha hutoka wapi?

Kampuni za mawasiliano zenye leseni hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Fedha hizo huingia katika Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mfuko huo umeunganisha zaidi ya shule 800 za upili nchini.

Kikatiba, shule za msingi na upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Wazazi wanahimizwa kuwasilisha maombi kupitia bodi za shule, na kuuliza mapema: mradi ukiisha, ada ya kila mwezi italipwa na nani?