Maneti ya dola 200 inachezaka yenyewe?



Kila mara vijana wakitoka kwenye shindano ya michezo ya video, kuko maneno yenye kurudi: "Yule alishinda juu ya maneti yake." Leo tuongelee hii kitu pole pole. Kati yetu kuko wengi waliomaliza masomo na ndiyo wanaanza kushika makuta yao ya kwanza. Moyo unawaambia wanunue maneti ya wataalamu, ile yenye kubadilishwa kila upande. Mbele ya kutoa dola, tujue kwanza tunauziwa nini.

Tuanze na jambo la kweli. Mwezi wa saba 2014, kule Las Vegas, Marekani, palikuwa Evo, shindano kubwa sana ya michezo ya kupigana. Katika Ultra Street Fighter IV, aliyeshinda alikuwa Mfaransa, Olivier Hay, mwenye kujulikana kwa jina la Luffy. Wengi kwenye michezo hiyo wanachezeaka sanduku kubwa lenye fimbo na butoni, kama zile mashine za zamani za kutia jetoni. Yeye alikuja na maneti ya Play 1, mashine iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1994. Kitu chenye miaka ishirini kilikalia ubingwa wa dunia.

Ni kusema maneti haina maana? Hapana. Luffy hakuchukua maneti ya zamani juu ya kukosa franga. Alichukua ile mikono yake ilikuwa imezoea. Na hapo ndipo kuko siri yote ya maneti zenye kubadilishwa: si kuongeza nguvu, ni kufanya chombo kifuate mkono wako, badala ya mkono wako kufuata chombo.

Sasa tuone ni nini hasa wanabadilisha.

Shika maneti ya kawaida uangalie kidole gumba cha kuume. Kiko na kazi mbili. Kwanza kinasukuma joistiki, kale ka fimbo kadogo ka kugeuza macho ya mchezaji. Pili, kinabonyeza zile butoni ine za kuruka, kuinama, kubadilisha bunduki. Katika mchezo kama Call of Duty, ukitaka kuruka lazima utoe kidole kwenye joistiki. Katika ile nafasi ndogo haulengi tena. Mwenzako analenga. Umekufa.

Wachezaji walitafuta njia. Kuko wenye kukunja kidole cha shahada juu ya butoni kama ukucha wa tai, kidole gumba kinabaki kwenye joistiki. Inasaidia, lakini baada ya masaa mkono unauma. Halafu watu wakajiuliza: vile vidole vya katikati vyenye kukaa nyuma ya maneti bure, vyenye kushikilia tu, juu ya nini visipewe kazi? Wakaweka paleti nyuma. Unaruka na kidole cha nyuma, kidole gumba hakitoki. Ni akili ndogo tu, lakini ilizaa biashara kubwa.

Kampuni ya SCUF, ya Marekani, ndiyo ilipata jina mbele kwa paleti hizo. Haki za uvumbuzi zilikuwa za Ironburg Inventions, na Microsoft ilipotoa Xbox Elite mwaka 2015, kwa dola 149,99, ilitumia ufundi huo kwa ruhusa. Valve nayo ilitoa maneti yake mwaka huohuo, yenye butoni za nyuma. Ironburg ikaishtaki, na mwaka 2021 baraza la wazee wa mahakama huko Marekani likasema Valve ilipe zaidi ya dola milioni 4. Ninyi wenye kusoma sheria, muone: ka paleti kadogo, mamilioni ya dola. Ukinunua maneti ya bei kali, sehemu ya makuta yako haiendi kwa plastiki, inaenda kwa haki ya aliyewaza mbele.

Kitu cha pili ni L2 na R2. Kwa kawaida zinaingia ndani sana. Mwenye kupiga bunduki anataka zikubali haraka, kwa hiyo Xbox Elite Series 2 (2019, dola 179,99) na DualSense Edge ya Sony (2023, dola 199,99) ziko na ka kizuizi cha kufupisha ile njia. Lakini angalia: mchezo wa magari unapimaka mafuta kwa kipimo cha kidole chako. Ukifupisha njia, unapoteza kile kipimo. Kitu kinachomsaidia huyu kinamharibia yule.

Cha tatu ni joistiki yenyewe, na hapa kila mtu aliyecheza kwenye chumba cha michezo cha kulipia anajua uchungu. Haujagusa kitu, lakini mchezaji wako anatembea peke yake, anaenda kutoa mpira nje. Juu ya nini? Ndani ya joistiki nyingi kuko kipande cha kaboni, na juu yake ka chuma kenye kukwaruza kila unaposukuma. Kwa njia hiyo mashine inajua fimbo iko wapi. Siku kwa siku kaboni inaisha, vumbi inaingia, mashine inasoma uongo.

Dawa yake iko na historia nzuri. Mwaka 1879, Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi wa doktora kule Johns Hopkins, aligundua kwamba sumaku inasukuma umeme pembeni ndani ya chuma, na ile nguvu inaweza kupimwa. Leo kuko joistiki zenye kutumia jambo hilo: sumaku inazunguka, kipimo kinasoma, hakuna kitu kinachokwaruza kingine. Sega iliweka ufundi huo kwenye maneti ya Dreamcast tangu 1998. Lakini sikieni hii: Elite Series 2 na DualSense Edge, pamoja na bei zao zote, ziliuzwa na ile njia ya kaboni. Sony iliruhusu tu ufungue na kubadilisha joistiki nzima, kila moja dola 19,99. Na kampuni ndogo kama GameSir na 8BitDo zinauza maneti za sumaku chini ya dola 100. Uliza tu kwanza kama mashine yako inazikubali, sababu Play 5 inakataaka maneti mingi zisizo zake. Basi bei kali na uimara si ndugu mapacha.

Cha ine ni mwendo. Wauzaji wanasemaka: "Maneti yetu inasomwa mara 1000 kwa sekunde!" Tufanye hesabu. Maneti yenye kusomwa mara 125 inapeleka habari kila milisekunde 8. Ya mara 1000, kila milisekunde 1. Tofauti haipite 7. Ekrani ya picha 60 kwa sekunde inakaa na picha moja karibu milisekunde 17. Na mtu mwenyewe, toka macho yaone mpaka kidole kibonyeze, anatumia karibu 200. Kwa bingwa, zile 7 ziko na maana. Kwa mimi na wewe, kulala vizuri kunaleta zaidi.

Kuko pia mpaka wa haki. Kuhamisha butoni ni sawa: kidole kimoja, tendo moja. Lakini kuko maneti zenye kubonyeza mara nyingi peke yake, ao kufanya matendo matano kwa mguso mmoja. Hapo si wewe unacheza, na mashindano mengi yanakataza. Kuko hata vyombo vya kuunga katikati ya maneti na mashine ili vikusaidie kulenga, kama Cronus Zen. Mwaka 2023 Activision ilitangaza kwamba Call of Duty imeanza kuvigundua na kuadhibu wenye navyo. Unaweza poteza makuta ya chombo na jina lako pamoja.

Sasa tuje kwa mtu aliyenifundisha zaidi katika jambo hili. Mike Begum, wa Texas, alijulikana kwa jina la BrolyLegs. Alizaliwa na ugonjwa wa kukaza viungo, mikono na miguu haikumtii. Aliweka maneti ya kawaida karibu na uso, akacheza Street Fighter kwa mdomo na ulimi, akafika kati ya wachezaji bora wa Chun-Li kwenye mtandao. Alifariki mwaka 2024. Yeye ndiye aliyefuata chombo, kwa jasho kubwa, wakati ule ambapo chombo hakikutaka kumfuata.

Mwaka 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, dola 99,99: butoni mbili kubwa, na nyuma matundu 19 ya kuunga vitu vingine, cha kubonyeza kwa mguu, kwa kichwa, kwa goti, kila mtu kulingana na mwili wake. Sony ilifuata na Access mwaka 2023. Kwa sisi wenye vidole kumi, kubadilisha maneti ni raha na sekunde kidogo. Kwa mwenye mkono mmoja, ni mlango: uko wazi ao umefungwa.

Basi mwenye makuta kidogo afanye namna gani? Mi naona hivi.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya mashine yako. Play 4, Play 5 na Xbox zote zinaruhusu kuhamisha butoni, bure. Michezo mingi inaruhusu pia kupima joistiki ianze kusikia wapi. Ukipanua kidogo ile sehemu isiyosikia, mchezaji mwenye kutembea peke yake anaweza kusimama.

Pili, cheza wiki mbili ukiandika: ni kidole gani kinachelewa, ni wapi kunauma. Kama haujui jibu, maneti mpya haitakujibu.

Tatu, tengeneza. Mwenye kusoma elektroniki na mwenye chuma ya kuchomelea anaweza kutoa joistiki iliyokufa na kuweka ya sumaku. Kipande ni bei ndogo, kazi inataka mkono mtulivu. Na vyumba vya michezo viko na maneti zilizokufa mingi. Hapo kuko hata mkate wa mtu.

Ine, kama yote hiyo imeshindwa na unajua kabisa unatafuta nini, njo ununue, bila haya.

Maneti ya dola 200 haichezake yenyewe. Inafanya tu kile mkono wako ulishajua kufanya, isiuzuie. Kwa hiyo uchunguze mkono wako mbele ya kufungua mfuko.