Je, Wajua? Arosto ya Mtoto Mchanga

Je, wajua kuwa mtoto anaweza kuzaliwa leo na kesho akapatwa na arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa ya kulevya ukaikosa? Heroini na methadoni hupita kwenye kondo la nyuma zikamfikia akiwa tumboni. Kitovu kikikatwa, dozi nayo imekatika. Arosto ya heroini huanza mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48. Ya methadoni huweza kuchelewa siku kadhaa.

Analia kwa sauti nyembamba, kali. Anatetemeka, anapiga chafya na miayo, anatoka jasho, anaharisha, ana njaa lakini ziwa linamshinda. Dalili hizi daktari Mmarekani Loretta Finnegan alizipangia alama mwaka 1975, na jedwali lake linatumika hadi leo. Wenye dalili kali zaidi hupewa matone ya morfini, yanayopunguzwa kidogo kidogo.

Na tafadhali, asiitwe teja. Teja huutafuta unga; huyu mwili wake umezoea tu kitu ambacho hakukiomba.

Je, wajua kuwa redio inaweza kumzidishia mtoto huyu taabu? Sauti, mwanga na mikono mingi humwelemea haraka. Madaktari wa watoto wa Marekani hutaka kelele za wodi ya vichanga zisizidi desibeli 45. Kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya muziki akija kumtuliza, haji na spika. Kwa njia iliyoenezwa na Jayne Standley wa Florida, huanza kwa kuimba polepole bila kumgusa mtoto. Akitulia, huongeza mguso, kisha kumpembeza. Mtoto akitanua vidole, akipata kwikwi au akigeuza uso, maana yake imetosha, na mwimbaji hunyamaza hapo hapo. Ni waimbaji wachache wanaomtii msikilizaji namna hiyo!

Je, wajua kuwa ipo chuchu bandia inayocheza muziki? Mtoto akinyonya, wimbo unalia, akiacha, unakatika. Ilibuniwa kuwafundisha njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kunyonya.

New York kuna kituo cha tiba ya muziki chenye jina la mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Joanne Loewy na wenzake walipima njiti 272 katika wodi 11, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Walitumia ngoma bapa inayovuma kama sauti za tumboni, kisanduku cha mbao kinachogongwa kwa vidole kama mapigo ya moyo, na wimbo uliochaguliwa na wazazi wenyewe. Moyo wa mtoto ulipunguza kasi, na wasiwasi wa wazazi ukashuka. Hao lakini ni njiti. Kwa watoto wa arosto tafiti bado ni chache na ndogo. Muziki ni msaidizi, hauchukui nafasi ya daktari.

Wala ya mama. Mwaka 2023, utafiti kuhusu watoto wa arosto katika hospitali 26 za Marekani uliuliza mambo matatu tu: anakula? analala? anabembelezeka? Waliotunzwa hivyo, kwa kupakatwa na utulivu kwanza, walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku 8.2 badala ya 14.9. Waliohitaji dawa walishuka kutoka asilimia 52 hadi 19.5.

Kwetu Tanzania, Hospitali ya Muhimbili hutoa methadoni tangu 2011. Ukimjua mjamzito anayetumia unga, mwambie asiache ghafla, maana kukatiza kwa kishindo humhatarisha hata aliye tumboni. Msindikize kliniki.